Manyoya ya Mbuzi kwa Samaki wa Lusail

Doha, 22 Februari 2013

Senge wangu, shangazi yangu mpendwa,

Chamgei! Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na chai mkononi na wale kuku wako wakorofi wakiwa wametulia. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imekwisha, na bahari imeanza kupata joto kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hadijah, dada wa Mombasa ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu sana. Mwambie dada yangu Emily picha ya mtoto wake nimeiona. Kachukua paji la uso la babu, maskini, lakini atapendeza tu. Kazini nimebadilishiwa lindo kidogo, si jambo la kukusumbua.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuuliza kama watu wako hai. Hili langu linataka karatasi, maana nimekuchorea kitu. Geuza ukurasa ukione, kisha urudi hapa.

Umeona? Huyo ni samaki mdogo, urefu wa kidole changu cha kati. Mgongo wake una kijani cha jani changa la chai, ubavu ni fedha tupu, na jicho lake ni kubwa kupita mwili. Wanajaa kando ya mawe, na kila kunapopambazuka samaki wakubwa huja kuwawinda. Hapo utawaona hao wadogo wakiruka juu ya maji kama mtu aliyerusha konzi ya mchele.

Silvesta, dereva wa kutoka Masaka, amenifundisha kuwavua hao wakubwa. Hatutumii nyama wala minyoo. Watu wa huku hutumia chambo bandia: visamaki vya plastiki na vipande vya chuma vinavyong'aa. Unarusha mbali, unavuta, unakitikisa kidogo kionekane kama samaki mgonjwa, na mkubwa anadanganyika. Mara ya kwanza kuona nilicheka peke yangu. Senge, si ndiyo kazi yako hiyo? Wewe umedanganya samaki tangu kabla sijazaliwa!

Najua nzi bandia mnaofunga kwa manyoya na uzi kwenye ndoana huko kiwandani ni wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi, tena ni wadogo kama punje ya wimbi. Hawa wa chumvi ni majambazi. Lakini plastiki ya dukani wameizoea. Wanaifuata, wanaitazama, wanageuka na kwenda zao. Kwa hiyo nimempa Reuben wa kijijini kwetu, anayekuja huko likizo, ndoana zilizofungwa vichwa vya madini ya risasi. Ziko uchi. Tafadhali zivishe nguo zifanane na huyo niliyemchora.

Ni mimi mwanao,
Cherotich

*

Kericho, 20 Machi 2013

Mwanangu Cherotich,

Nimekusalimu kwa jina la Bwana. Uchaguzi umepita na sote tuko salama, tushukuru. Mvua imechelewa lakini mawingu yanaonekana upande wa Londiani. Mtoto wa Emily amebatizwa, akamng'ang'ania mchungaji miwani hadi kanisa lote likacheka. Kazini kwema.

Reuben alileta mzigo wako. Nilipoumwaga mezani nilidhani umenitumia misumari. Mwanangu, nzi wangu mkubwa kuliko wote angeweza kulala ndani ya tundu la hiyo ndoana, akageuka na asianguke. Huyo samaki wako anakula nini, mbwa?

Lakini nimezivisha. Nimetumia manyoya ya jogoo mweupe, marefu, na kijani kidogo juu. Ni nzuri kuzitazama. Kama zinaogelea vizuri mimi sijui, kwa sababu umenieleza samaki kama alivyo akiwa mkononi mwako. Samaki mwenzake hamwoni hivyo. Anamwona kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake. Kwa hiyo kabla hujaniandikia tena, lala kifudifudi juu ya mawe, uso karibu na maji, umtazame kwa upande. Kisha unijibu: maji yanaenda kwa kasi au yanabembea? Mkubwa anatokea nyuma au anapanda kutoka chini? Na huyo mdogo akiogopa, mkia wake hufanya nini?

Vaa kofia. Jua la huko nimelisikia hata redioni.

Senge wako,
Peninah

*

Doha, 19 Aprili 2013

Senge mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Sisi wazima, isipokuwa Hadijah anaumwa jino na hakubali kwenda kwa daktari. Mtoto aliyeshika miwani ya mchungaji atakuwa mwanasheria.

Nitasema ukweli kwa sababu hukunilea nidanganye. Nzi wako wa kwanza wameshindwa. Hewani wanaruka vizuri sana, lakini wakigusa maji manyoya ya jogoo yanajikunja na kitu kizima kinazunguka kama pia. Mshipi wangu ulisokoteka hadi Silvesta akaukata kwa meno. Samaki mmoja mrefu alikuja, akakitazama chambo changu kama askari anayetazama kitambulisho, akaondoka.

Nililala kifudifudi kama ulivyosema. Silvesta alinikuta hivyo akapiga kelele, "Cherotich! Umezimia?" Nikamwambia, "Nyamaza, nasoma." Haya ndiyo niliyosoma. Kutoka pale chini kijani hakionekani kabisa. Samaki mdogo ni mweupe, karibu aonekane hadi ndani, na kilicho wazi ni jicho tu. Maji hayaendi kwa kasi, yanabembea. Mkubwa hutokea nyuma na chini, kwa mshazari. Na yule mdogo akiogopa mkia hautikisiki. Unatetemeka, halafu anasimama ghafla kama aliyesahau kitu. Ni pale anaposimama ndipo anapoliwa.

Jambo jingine. Uzi uliofungia si wa kiwandani. Mimi nimekulia chini ya meza yako nikiokota vipande vyake, naujua hata gizani. Huu ni uzi wa kushonea sweta za shule. Senge, ule wa kiwandani umekwisha?

Mwanao,
Cherotich

*

Kericho, 6 Mei 2013

Mwanangu Cherotich,

Mvua imekuja yote mara moja. Barabara ya kwenda sokoni imekuwa ya bata. Mwambie Hadijah jino halina heshima, halingoji mtu awe tayari.

Uzi ni uzi, mradi umefunga.

Umenieleza vizuri safari hii. Nimetupa manyoya ya kuku. Kinachotetemeka hata maji yakiwa yametulia ni nywele za mbuzi, zile za mkia, kwa kuwa zina uwazi ndani na hazilali. Mbuzi mweupe kijijini ni wa Terry, jirani yangu, unamkumbuka. Nilimshika huyo mbuzi pale uani, makasi mkononi, Terry akatoka jikoni.

"Peninah, unamnyoa mbuzi wangu, ana harusi?"

"Anakwenda Uarabuni," nikamwambia.

"Yeye?"

"Mkia tu."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaja akanishikia huyo mbuzi pembe, na jioni akaja kukaa nami tukachambua nywele pamoja, fupi upande huu, ndefu upande ule. Ubavu wa fedha nimeukata kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya majani ya chai. Jicho nimelifanya jeusi na kubwa, tena nimelipaka mara tatu ili lisibanduke. Risasi iko mbele, nywele ziko nyuma, haitazunguka tena. Ukiivuta, vuta, halafu uache. Iache isahau kitu, kama ulivyosema.

Sasa nami nikuulize. Uliniambia unalinda mlango wa hoteli huko West Bay, ghorofa juu ya ghorofa, kiyoyozi hadi unavaa sweta. Mlango huo uko wapi hata kila alfajiri unaona samaki wakiruka?

Senge wako

*

Doha, 25 Mei 2013

Senge! Senge! Senge!

Salamu baadaye. AMEKULA!

Ilikuwa jana Ijumaa, jua limechomoza tu, na tayari lilikuwa linauma shingo. Maji yalikuwa yametulia. Nilirusha ile yenye nywele ndefu, nikavuta, nikaacha. Haikuzunguka. Nywele zilifunguka kama ua, zikatetemeka, na kabla sijavuta tena fimbo ilipinda hadi ncha yake ikaingia majini. Rili, ile roda ya kukunjia mshipi, ilipiga mayowe. Silvesta naye akapiga mayowe, kwa Kiganda, sijui alisema nini. Samaki aliruka mara mbili, ubavu wake mzima ukawaka jua, na mimi nikawa nacheka na kulia kama mwendawazimu.

Hadijah akatuambia jina lake: pandu. Akasema kwao Mombasa huyu ni mpiganaji. Urefu wake unatoka bega langu hadi kwenye vidole. Tulimpika kwa nazi, na jengo zima lilikuja na sahani.

Watu wa huku wanasema mwezi Oktoba kuna mashindano ya kuvua ufukweni, karibu na Al Khor, na chambo bandia pekee ndicho kinachoruhusiwa. Nimejiandikisha. Nimeandika jina langu kabla sijaogopa.

Sasa nijibu swali lako. Silindi tena hoteli. Mwezi wa kwanza saa ya mgeni ilipotea, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Saa ilipatikana kesho yake ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe. Hakuna aliyeniomba radhi, na nilikuwa nimeshahamishiwa Lusail, kulinda geti la mahali wanapojenga. Hakuna kiyoyozi. Kuna vumbi, malori na kibanda cha bati. Lakini nyuma ya kibanda kuna bahari, Senge. Wiki ya kwanza nililia nikiwa nimeielekea, ndiyo sababu niliwaona hao samaki.

Nimesema langu. Sasa sema lako. Uzi.

Cherotich

*

Doha, 29 Juni 2013

Senge mpendwa,

Natumaini mko salama. Barua yangu ya Mei ilifika? Nilimpigia Emily, akaniambia "Mama yuko, anafanya kazi," halafu akageuza mazungumzo kuwa ya mtoto. Sauti ya Emily haijui kuficha kitu.

Huku joto limefikia mahali pa kuchekesha. Tumepewa mapumziko ya mchana kwa sababu chuma kinachoma mkono. Samaki wameshuka kwenye kina na sisi tumewaacha. Hadijah ameng'oa jino hatimaye.

Kama nimekukosea kwa kuuliza, nisamehe. Lakini sitaacha kuuliza.

Cherotich

*

Kericho, 20 Julai 2013

Mwanangu Cherotich,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza niliisoma hadi ikachanika kwenye mkunjo. Mtoto wa Emily anatembea. Anatembea kuelekea kila kisichotakiwa.

Kiwanda kilifungwa mwezi wa Januari. Benard, msimamizi wetu, alitusimamisha uani akatuambia wanunuzi wamepata watu wengine, nchi nyingine, na kwamba tuchukue vitu vyetu. Terry alikuwepo, alifanya kazi meza iliyo mbele yangu. Wanawake wa nzi, ndivyo watu walivyotuita mjini, na siku ile tuliteremka mlima tukiwa tumebeba viti vyetu vya kukalia. Vilikuwa vyetu, tulikuwa tumevinunua wenyewe.

Sikukuambia kwa sababu ungenihurumia. Wewe uko mbali, umesimama juani, halafu nikupe na huruma uibebe? Nilikaa chumbani. Emily aliniletea chakula, nami nikamwambia tumbo linauma. Kisha Reuben akabisha hodi na misumari yako.

Sasa unanielewa kwa nini nilikutukana kuhusu huyo samaki anayekula mbwa. Nilikuwa nimefurahi.

Na hukunikosea. Nilinyamaza kwa sababu uliposema saa ya mgeni, nilikasirika hadi nikashindwa kushika kalamu. Nilichoweza kushika ni ndoana. Nikafunga, nikafunga, nikafunga. Terry naye akafunga. Kwa hiyo hasira zangu zote zimo kwenye boksi hili, mwanangu, nawe utazitumia Oktoba. Tumetengeneza za kichwa kizito kwa siku ya upepo na nyepesi kwa siku ya utulivu. Nyeusi mbili ni za alfajiri kabla jua halijawa na nguvu. Usiziogope, weusi huonekana vizuri mbingu ikiwa nyuma.

Simama vizuri huko. Wewe si mwizi. Watu wa kwetu wanajua.

Senge wako,
Peninah

*

Doha, 27 Oktoba 2013

Senge wangu, fundi wangu,

Chamgei, chamgei tena! Waite Terry na Emily. Usisome hii peke yako.

Mashindano yalikuwa juzi Ijumaa. Tulifika Al Khor nyota zikiyeyuka, mimi, Silvesta na Hadijah, na nilipoona watu nilitaka kurudi garini. Wafilipino walikuja na fimbo za kifahari kama zinazokwenda mkutano wa mabalozi, kila mmoja na boksi la chambo lenye ghorofa. Waqatari walikuja na magari makubwa na birika za kahawa. Wanawake tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa na fimbo ya kuazima ya Silvesta na nzi wako ndani ya boksi la majani ya chai. Bwana mmoja kijana aliangalia ndani akamuuliza mwenzake, "Huyu amekuja na sungura?" Wakacheka. Nami nikacheka, kwani kweli zinafanana na mikia ya sungura.

Kanuni ni hii: samaki anapimwa urefu ubaoni, anapigwa picha, anarudishwa majini. Mrefu kuliko wote ndiye mshindi.

Asubuhi yote sikupata kitu. Mzia, yule samaki mwenye meno ya msumeno, alinikatia nzi wako wawili, mshipi ukarudi mtupu. Wengine walikuwa wanapima. Hadijah akasema, "Chero, wanaruka pale kwenye maji mafupi, upande wa mikoko." Nikamwambia pale hakuna kina, samaki mkubwa hawezi kuja. "Mimi ni wa pwani," akasema. "Nakwambia nenda."

Nikaingia majini hadi magotini. Jua lilikuwa limeshapanda, upepo umekufa, maji kama kioo. Hapo nikamwona, Senge. Sikuona mruko, niliona kivuli, kirefu, kinatembea polepole juu ya mchanga. Nikachagua nyepesi kuliko zote, nikarusha mbele yake mbali ili nisimtishe. Nikavuta. Akageuka. Nikavuta. Akafuata, amekaribia hadi nikaona mdomo wake. Kila kitu mwilini kiliniambia nivute haraka. Nikaacha.

Nywele za mbuzi wa Terry zikafunguka. Akala.

Alikimbia kuelekea baharini hadi nikaona mshipi unakaribia kwisha kwenye rili. Nikamkimbilia majini huku maji yakinifika kiunoni, viatu vimebaki kwenye matope, sijavipata hadi leo. Watu waliacha fimbo zao wakaja kando. "Mlegezee! Usimshindanie!" Silvesta alipiga kelele. Nikamlegezea. Akaruka, akaruka, akalala ubavu, akaamka tena akakimbia. Mzee mmoja Mqatari akawa anasema "Mashallah, binti, polepole, polepole," kana kwamba anambembeleza farasi. Nilipomfikisha mchangani nilipiga magoti, sikujua kama naomba au nimechoka.

Walimpima mara mbili kwa sababu hawakuamini. Kisha wakatangaza jina langu. Cherotich kutoka Kenya, nafasi ya kwanza! Silvesta alinibeba juu juu kama gunia. Nilimrudisha pandu majini mimi mwenyewe. Alikaa kidogo mkononi mwangu, akapiga mkia, akanirushia maji usoni, akaenda.

Bwana Shamsuddin, Mhindi wa Kerala mwenye duka la vifaa vya uvuvi ninakonunua ndoana, alikuwa mmoja wa wapimaji. Akakishika chambo chako juani, akakigeuza, akavuta uzi kwa kucha. Haukusogea.

"Hiki hukununua kwangu," akasema.

"Hapana. Kimetoka Kericho."

"Kericho ni duka la nani?"

"La Senge wangu," nikasema. Na sikujisikia kama ninadanganya.

Anataka kuviuza. Si hivi viwili vitatu, ni boksi kwa boksi, kwa msimu mzima. Amenipa uzi mzuri na ndoana nikutumie, ziko kwenye mzigo huu pamoja na picha. Atakuandikia mwenyewe mkubaliane, na nimemwambia uamuzi ni wako, mimi sikusukumi.

Na hoteli wameniita. Wanataka nirudi West Bay, picha yangu imepita kwenye simu za wakubwa. Nilikaa kwenye ile ofisi yenye kiyoyozi nikasema, kwanza nataka neno kuhusu ile saa. Meneja akaniomba radhi kwa jambo hilo, mbele ya watu, kwa sauti. Kisha nikasema nitarudi, lakini kwa zamu za mchana tu. Alfajiri zangu zina kazi.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya simu, ya kuhifadhia picha. Muulize Emily namna ya kuiweka. Hadijah alikuwa amesimama juu ya jiwe akipiga video, nayo imo humo.

Mwanao mshindi,
Cherotich

*

Kericho, 20 Novemba 2013

Mwanangu Cherotich,

Tunakusalimu sote, na nikisema sote namaanisha nyumba imejaa. Hujambo? Sisi si hatujambo tu, tuko zaidi ya hapo.

Nilifanya ulivyosema, sikusoma peke yangu. Nilimwambia Terry, Terry akawaambia wale wa meza ya dirishani, nao wakawaambia wengine. Jumapili baada ya ibada walikuja wote waliobeba viti siku ile, na walivibeba tena, maana vyangu havitoshi. Hata Benard alikuja, akasimama mlangoni akizungusha kofia. Nilimwambia aingie. Yeye ndiye aliyeagizwa kusema, hakuwa mwenye kiwanda. Tena anajua kufunga mizigo ya nje na karatasi zake za forodha, nami sijui. Ameanza kazi Jumatatu. Na Bwana Shamsuddin tumekubaliana, tutamfungia nzi sote pamoja.

Emily alisoma barua yako kwa sauti. Ulipofika kwenye saa ya mgeni, wanawake walipiga meza. Ulipoacha kuvuta, hakuna aliyepumua.

Kisha akaiweka ile kadi kwenye simu yake, tukajazana nyuma ya bega lake.

Mwanangu, nataka uelewe. Tulifunga nzi miaka mingi kuliko umri wako. Waliwekwa kwenye maboksi, maboksi yakapelekwa uwanja wa ndege, basi. Wengine wetu macho yameishia pale mezani. Hakuna mtu hata mmoja, kutoka nchi yoyote, aliyewahi kutuandikia kutuambia kama samaki walikula.

Tuliona maji. Tuliona miguu yako. Tukaona kile kitu cheupe kinapita, na Terry akasema polepole, "Huyo ni mbuzi wangu." Halafu kivuli kikatokea nyuma yake. Wewe ukaacha. Terry akasimama, akasahau mgongo wake, akakipigia kelele kioo cha simu: "Kula! Kula, baba! Kula!"

Akala.

Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile ndani ya nyumba yangu, hata siku ya harusi ya Emily. Tuliitazama tena na tena hadi simu ikazima, tukaichomeka kwenye umeme, tukasimama pale ukutani kuingoja iwake tuone tena.

Senge wako,
Peninah